Kigimbi Kinene, Kigimbi Kigumu: Namna ya Kupima Kila Kimoja Peke Yake

Kaa gatini Lamu jahazi linapopakuliwa uwatazame hamali wawili wakipandisha magunia yaleyale kwenye ngazi zilezile. Mmoja ana vigimbi, yaani nyama za nyuma ya mguu chini ya goti, vilivyotuna, vimejaa suruali. Mwenzake miguu ni chelewa. Sasa waombe wote wawili wasimame kwa ncha za vidole, ubonyeze. Mara nyingi dole gumba litagota kwa yule wa chelewa, na kwa yule mnene litazama kidogo. Wanaotazama hucheka wakidhani mnene ni bure tu. Si bure. Unene na ugumu ni vipimo viwili, kila kimoja kina sababu zake, na anayetumia kimoja kukisia kingine hukosea karibu kila mara.

Hapa tunaeleza namna ya kupima vyote viwili ukiwa nyumbani, namna ya kusoma majibu, namna ya kuongeza unene kwa anayeutaka, namna ya kulegeza ugumu usiotakiwa, na ugumu upi haungojwi mpaka kesho.

Kwa nini kinene si lazima kiwe kigumu

Kigimbi ni misuli miwili mikubwa iliyopandana. Wa juu, unaoonekana, ni gastroknemiasi. Una vichwa viwili, cha ndani na cha nje, na unaanzia kwenye mfupa wa paja, juu ya goti. Chini yake umelala soleasi, msuli bapa unaoanzia chini ya goti. Jina la soleasi limetoka kwenye neno la Kilatini la kubadhi, yaani kiatu cha wazi, neno lilelile lililompa samaki bapa aitwaye gayogayo jina lake katika lugha kadhaa za Ulaya, na ukiuona umechorwa utakubali kwamba umefanana na vyote viwili. Soleasi ndio mkubwa zaidi kwa ujazo, ingawa sifa zote huchukuliwa na wa juu. Yote miwili huishia kwenye kano moja nene, kano ya kisigino.

Shika jambo hili moja, maana nusu ya maelezo yanayofuata yamesimama juu yake: msuli wa juu unavuka goti, soleasi hauvuki. Ukikunja goti, wa juu hulegea na kazi kubwa humwangukia soleasi.

Ugumu unaousikia kwa kidole una mambo manne ndani yake. La kwanza ni mkazo, yaani nguvu inayovutwa ikigawanywa kwa upana wa msuli. La pili ni urefu: msuli ulionyooshwa hukaza hata kama haufanyi kazi yoyote, kama kamba ya tanga ikivutwa. La tatu ni maji na damu iliyomo ndani ya utando unaofunika misuli. Utando huo hautanuki sana, kwa hiyo maji yakizidi, kigimbi hujaa kama mpira. La nne haliko msulini kabisa, ni mafuta yaliyo chini ya ngozi, ambayo kidole hukutana nayo kwanza.

Angalia tena hilo la kwanza. Chukua watu wawili wa kilo 70, nyayo zao sawa kwa urefu, wote wamesimama kwa ncha za vidole. Kano zao za kisigino zinavuta nguvu ileile. Ila kwa mnene nguvu hiyo imegawanywa kwenye nyuzi nyingi, kwa mwembamba kwenye chache. Kila uzi wa mwembamba unavuta zaidi, na ugumu wa msuli unaofanya kazi hupanda sambamba na mvuto huo. Kwa mzigo uleule, basi, kigimbi kinene ndicho kitakachokuwa laini zaidi. Vijana wanaobonyezana vigimbi barazani kutafuta nani ana nguvu wanaisoma hesabu hii kichwa chini miguu juu.

Kupima unene

Utahitaji futi ya mshonaji (ile ya kitambaa au plastiki, isiyovutika), kalamu ya wino, rula yenye milimita, na daftari. Pima asubuhi kabla ya kutembea sana, kwa sababu kufika magharibi maji huwa yameteremkia miguuni na futi itakupa unene usio wako. Usipime siku mbili tatu baada ya mazoezi mazito. Msuli ulioumia huvimba.

1. Simama nyayo zikiwa zimeachana kadiri ya upana wa mabega, uzito umegawanyika sawa kwa miguu yote miwili. Mzee asiyeweza kusimama akae kwenye kiti, goti na kifundo vikunjwe pembe mraba, unyayo wote uguse sakafu. Mkao utakaouanza nao ndio utakaoendelea nao, usichanganye.

2. Zungusha futi mahali kigimbi kinapoonekana kinene, kisha isogeze juu na chini kidogo kidogo mpaka upate namba kubwa kuliko zote. Hapo weka alama ya kalamu. Pima pia urefu kutoka sakafuni mpaka kwenye alama, uandike. Wino utafutika ukioga, urefu utabaki daftarini.

3. Futi iguse ngozi bila kuibonyeza, na isipande upande mmoja. Soma mara tatu, ukiitoa futi kila mara, kisha chukua namba ya katikati.

4. Kwenye alama hiyohiyo, upande wa ndani wa mguu, vuta mkunjo wa ngozi kwa dole gumba na kidole cha shahada. Mguu uwe umelegea, unyayo umewekwa juu ya kigoda. Pima unene wa mkunjo kwa rula, au kwa kalipa ya fundi chuma ukiwa mwangalifu usiuminye. Andika kwa milimita.

Sasa hesabu. Geuza mkunjo uwe sentimita, zidisha kwa 3.14, kisha toa kwenye mzunguko. Kinachobaki ni mzunguko wa msuli na mfupa bila mafuta. Mtu mwenye sentimita 37 na mkunjo wa milimita 12 anabaki na 33.2. Mwenye sentimita 35 na mkunjo wa milimita 5 anabaki na 33.4. Kwa macho wa kwanza ndiye mnene. Kwa msuli ni wa pili, kwa nywele tu. Kipimo cha rula kina kosa la milimita mbili tatu, kwa hiyo tofauti ndogo hivyo usiitangaze barazani.

Kosa linalojirudia sana ni la mahali. Futi ikihama sentimita mbili juu au chini, mzunguko unaweza kubadilika kwa nusu sentimita, na nusu sentimita ni mazoezi ya wiki nyingi. Kwa mguu wa sentimita 34, kufika 35 maana yake eneo la mkato wa mguu limekua kwa karibu asilimia 6. Futi ina ubahili wa namna hiyo, huonyesha kidogo kuliko kilichoongezeka, na ndiyo sababu wengi hukata tamaa mwezi wa pili wakati msuli unakua.

Kwa wazee namba hii ina matumizi mengine. Wataalamu wa Asia wanaoshughulika na kupungua kwa misuli uzeeni walipanga mwaka 2019 kwamba kigimbi chini ya sentimita 34 kwa mwanamume na 33 kwa mwanamke ni dalili ya kufuatilia. Ni dalili tu. Mtu mwembamba wa asili asitishwe nayo. Na mzee aliyevimba miguu anaweza kupita kipimo huku msuli wake umekwisha, kwa hiyo mbonyeze kwanza juu ya muundi uone kama pana shimo linalobaki.

Kupima ugumu

Hospitali kubwa zina mashine za mawimbi ya sauti zinazopima ugumu wa msuli. Nyumbani una dole gumba, na dole gumba halifai kitu mpaka lifundishwe. Chukua mizani ya dijitali ya jikoni, ibonyeze mpaka isome kilo 2, ushikilie hapo sekunde mbili. Rudia mara kumi. Kisha bonyeza ukiwa umefumba macho, mwenzako asome. Ukiweza kukaa kati ya kilo 1.8 na 2.2 mara nane kati ya kumi, uko tayari. Bila hatua hii utakuwa unapima hali ya kidole chako.

Kwa daraja za ugumu tumia embe. Embe lililoiva ni daraja la 1, kidole kinazama bila ubishi. Embe tosa ni daraja la 2, linakubali kidogo kisha linakataa. Embe bichi ni daraja la 3. Ukitaka nusu daraja weka, 1.5 na 2.5, lakini usiende zaidi ya hapo. Kidole hakina uwezo huo.

Anayepimwa alale kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya ukingo wa kitanda, apumzike dakika kumi. Bonyeza kwenye alama ya kalamu, kichwa cha ndani, halafu cha nje. Huo ni ugumu wa *kupumzika*. Kigimbi chenye afya hapo ni embe lililoiva au kati ya hilo na tosa, kiwe kinene au chembamba.

Kisha msaidizi asukume unyayo kuelekea muundini, goti likiwa limenyooka, mpaka akute kizuizi. Bonyeza tena. Huo ni ugumu wa *kunyooshwa*, na utapanda kwa kila mtu. Bila kuachia unyayo, kunjeni goti pembe mraba. Kifundo kikipata nafasi zaidi na kigimbi kikalegea, kilichobana ni msuli wa juu. Nafasi isipoongezeka, tatizo liko kwa soleasi, kwa kano, au kwenye kifundo chenyewe. Andika, kwa sababu tiba ya kila kimoja ni tofauti.

Mwisho, asimame ameshika ukuta, apande kwa ncha za vidole vya miguu yote miwili. Bonyeza. Halafu mguu mmoja. Bonyeza. Huo ni ugumu wa *kazi*. Mtu anayepanda kutoka daraja la 2 kwa miguu miwili hadi la 3 kwa mguu mmoja ana msuli wenye akiba. Anayefika la 3 tangu miguu miwili anatumia sehemu kubwa ya alichonacho kubeba mwili wake tu. Wengi hupenda kusifiwa kwa hali hii ya pili.

Nguvu haipimwi kwa kidole, ihesabu kwa kupanda. Mguu mmoja, goti limenyooka, ncha za vidole vya mikono zikigusa ukuta kwa kutunza usawa tu, panda juu kabisa mara moja kila sekunde mbili. Hesabu 25 ndicho kipimo cha zamani cha mtu mzima. Umri ukienda, namba hushuka. Simamisha hesabu goti linapokunjwa au kisigino kinapoishia nusu ya kimo cha mwanzo.

Kusoma ulichokiandika

Kinene, laini kwa kupumzika, kigumu kwa mguu mmoja, hesabu 25 na zaidi: huna la kutengeneza. Usianze kukikaza eti kiwe kigumu muda wote, maana msuli uliokaza muda wote haupati kupumzika na hukakamaa usiku.

Chembamba, laini kwa kupumzika, kigumu mara moja ukisimama kwa vidole: hapa pana nafasi ya kukua, na huyu ndiye atakayefaidi mazoezi kuliko wote.

Kigumu hata kwa kupumzika, chembamba au kinene: tafuta sababu kabla ya kuongeza uzito. Mazoezi ya juzi, viatu vya kisigino kirefu kila siku, kusimama dukani kutwa, mabaki ya kiharusi, hata baadhi ya dawa za kolesteroli zinazoleta maumivu ya misuli.

Laini kwa hali zote tatu, hesabu chini ya 10: ama mafuta yamefunika, ama msuli ni dhaifu kweli. Mkunjo wa ngozi utakuambia ni lipi. Udhaifu ukiwa wa mguu mmoja na umeanza karibuni, hasa pamoja na ganzi au maumivu ya kiuno, mwone daktari.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mazoezi yatakayolibadilisha: mahali nyama inapoishia na kano inapoanza. Wengine nyama yao huteremka karibu na kifundo, wengine hukaa juu chini ya goti na kuacha kano ndefu nyembamba. Ni urithi. Mwenye kano ndefu anaweza kuongeza unene, lakini umbo litabaki lake.

Kuongeza unene

Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha kupanda kwa vidole ukiwa umesimama na ukiwa umekaa, wiki 12, mara mbili kwa wiki, seti tano za kumi. Kwa kusimama, kichwa cha nje cha msuli wa juu kilikua kwa asilimia 12.4 na cha ndani 9.2. Kwa kukaa, 1.7 na 0.6 tu. Soleasi haukutofautiana sana, 2.1 na 2.9. Sababu umeshaisoma hapo juu: ukikaa goti limekunjwa na msuli wa juu umelegea, hauna cha kuvuta. Kwa hiyo anayefanya mazoezi ya kukaa tu, hata kwa mwaka mzima, anausukuma mlango wa nyuma akitaka kuingia kwa wa mbele.

Ngazi ya daka, kile kibaraza cha mlangoni, inatosha kuwa kifaa. Tafuta ya chini kabisa, yenye ukingo mzima usiolika, na hakikisha ni kavu. Ngazi za mawe na chokaa zilizokanyagwa kwa miongo hung'aa, na ndara juu yake ni kujitafutia kuvunjika. Vaa raba, au kanyaga peku.

Weka theluthi ya mbele ya unyayo ukingoni, visigino hewani, mkono ukutani. Shuka kwa sekunde tatu mpaka usikie mvuto. Kaa chini sekunde mbili. Panda kwa sekunde moja, ukisukuma kwa kidole gumba cha mguu na kile kinachofuata. Kaa juu sekunde moja. Goti limenyooka tangu mwanzo hadi mwisho.

Wiki ya kwanza seti mbili za kumi, kwa miguu yote miwili, siku mbili zilizoachana. Usiongeze hata ukijihisi simba. Kushuka taratibu huumiza nyuzi zisizozoea, na maumivu hutokea baada ya saa 24 hadi 72, wakati umeshajisifu. Wiki ya pili seti tatu, ya tatu na kuendelea seti nne au tano, ukipumzika dakika moja na nusu hadi mbili kati ya seti. Ukiweza 12 kwa urahisi katika kila seti, hamia mguu mmoja. Mguu mmoja ukiwa rahisi, beba mzigo. Dumu la lita 5 lililojazwa mchanga mkavu lina uzito wa kilo 8 hivi, na huingia vizuri kwenye begi la mgongoni. La maji ni kilo 5. Ongeza kidogo kidogo, kisha rudi kwenye hesabu nane na ujenge upya mpaka 12.

Kwa soleasi, kaa kwenye kiti, dumu la lita 20 likae juu ya magoti mawili na kanga iliyokunjwa chini yake, ufanye seti mbili za 15 hadi 20 baada ya zile za kusimama. Nyuzi za soleasi nyingi ni za kazi ya polepole na ndefu, ndiyo maana hesabu ni kubwa.

Yanayoharibika ni machache na ni yaleyale. La kwanza kurusharusha: ukigonga chini na kurudi haraka, kano hufanya kazi ya springi na msuli hupumzika, ndiyo maana unaweza hata 40. La pili kufanya nusu ya juu peke yake. Sehemu ya chini, msuli ukiwa umenyooka, ndiyo yenye faida kubwa. La tatu goti kukunjika kidogo kidogo seti ikielekea mwisho, na kazi ikahamia kwa soleasi bila wewe kujua. La nne kifundo kulalia upande wa kidole kidogo, ambako hunyonga mishipa ya nje ya kifundo.

Kutembea mchangani hadi Shela, kijiji cha ufuoni kisiwani Lamu, kunasaidia, hasa pumzi na soleasi. Mchanga laini hutumia nguvu mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea penye ardhi ngumu kwa mwendo uleule, kwa kuwa unyayo huzama na kazi hupotelea mchangani. Lakini huwezi kuongeza mzigo kwa kipimo, kwa hiyo uchukulie kuwa nyongeza. Ufuo umeinama upande wa bahari. Ukienda kilomita tatu mguu mmoja ukiwa chini, rudi kwa njia ileile ili mguu wa pili nao upate zamu.

Chakula: gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha anayejenga msuli. Mtu wa kilo 65 anahitaji kama gramu 104. Gramu 100 za jodari au nguru aliyepikwa zina zaidi ya gramu 20, yai moja 6, gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa 8 au 9. Ramadhani fanya mazoezi baada ya futari, umeshakunywa maji, na upunguze seti ziwe tatu.

Pima upya wiki ya 6 na ya 12, saa ileile, kwenye alama ileile. Baada ya wiki 12 futi ikionyesha nusu sentimita, umefanya kazi nzuri. Ugumu wa kupumzika haupaswi kuwa umepanda. Ukiwa umepanda, umezidisha.

Kulegeza kilichokakamaa

Simama umeelekea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, goti limenyooka, sekunde 30 mara tatu. Halafu kunja goti hilohilo kidogo, kisigino kikibaki chini, sekunde 30 mara tatu. Wa kwanza ni kwa msuli wa juu, wa pili kwa soleasi. Ukikumbuka jaribio la kukunja goti, utajua wapi uongeze. Fanya siku tano kwa wiki, na usitegemee mabadiliko kabla ya wiki nne.

Kipimo cha maendeleo: weka unyayo mbele ya ukuta, goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, usogee nyuma mpaka mwisho wa uwezo wako. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani, sentimita 10 ni nzuri kwa wengi. Tofauti ya zaidi ya sentimita mbili kati ya mguu na mguu ina maana.

Kusinga kwa mafuta ya nazi hulegeza kwa saa chache, na mchi uliolazwa na kuviringishwa taratibu juu ya kigimbi hufanya kazi ileile. Mafuta yaliyotiwa karafuu hupasha ngozi joto. Msulini hayafiki, lakini starehe nayo ni kitu. Usibonyeze kwa nguvu nyuma ya goti, pana mishipa ya damu na ya fahamu isiyo na kinga.

Msuli ukikukaza usiku, nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, ushikilie mpaka uachie wenyewe. Usiruke wala usiupige ngumi.

Ugumu usiosingwa

Kigimbi kimoja kimevimba, kina joto, kinauma, hasa baada ya safari ndefu ya basi, kujifungua, upasuaji au kulala kitandani kwa siku nyingi: hilo laweza kuwa donge la damu kwenye mshipa wa ndani. Pima miguu yote miwili sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa kilicho chini ya pia ya goti. Tofauti ya sentimita 3 au zaidi ni alama kubwa, lakini ikiwa ndogo isikutulize kama dalili nyingine zipo. Usisinge, usikande, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, ni dharura.

Mguu uliovunjika, kugongwa na bodaboda au kubanwa baina ya chombo na gati, kisha kigimbi kikawa kigumu kama mti na maumivu kuzidi kiasi cha jeraha, hasa vidole vikinyooshwa: damu na uvimbe vimejaa ndani ya utando na vinaubana msuli. Fungua bendeji na kila kilichobana, laza mguu usawa wa moyo, usiunyanyue juu, na uwahi. Msuli huanza kufa ndani ya saa chache. Anayekaa visiwani asingoje maji yajae wala boti ya asubuhi.

Uvimbe unaokuja polepole, mwanzoni ukiacha shimo unapobonyeza kwa sekunde kumi, halafu kwa miaka ngozi ikawa nene na ngumu, mwambao huu unafahamika: matende. Huenezwa na mbu, na mwenye nayo asikimbilie kufunga mguu kwa kamba wala kuuchanja. Kuuosha kwa sabuni na maji kila siku, kuukausha katikati ya vidole, kutibu kila jeraha, kuunyanyua unapokaa, na dawa za kliniki, ndivyo vinavyozuia kuongezeka. Miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja na kuacha shimo, uchunguzi uanzie moyoni na kwenye figo.

Na kuna kigimbi kinachodanganya kuliko vyote: cha mtoto wa kiume wa miaka mitatu hadi sita, kinene, kigumu kama mpira, wazazi wakisema atakuwa mchezaji. Ukimwona anachelewa kupanda ngazi, anaanguka mara kwa mara, na akitaka kuinuka sakafuni anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake mwenyewe, unene ule huenda ni mafuta na nyuzi ngumu zilizoingia mahali pa msuli unaokufa. Huo huenda ukawa ugonjwa wa Duchenne, wa kurithi. Apelekwe kwa daktari wa watoto, apimwe damu kuangalia kimeng'enya cha misuli kiitwacho kreatini kinasi, ambacho kwa ugonjwa huu hupanda sana. Mpaka majibu yatoke, asifanyishwe mazoezi ya ngazi yaliyoandikwa hapo juu, maana kushuka taratibu kwa mzigo ndiko kunakoumiza msuli wa namna hiyo zaidi.